Gari Lililowasha Taa Mchana

Mimi ni mtu wa karatasi. Waulize watu wa Mubi, watakwambia kwamba katika duka la Mama Kahambu hata msumari una fakture yake, risiti yenye muhuri. Kwa hiyo ilipokuja barua kusema kwamba pikapu yangu ina kasoro ya taa, kasoro iliyozaliwa nayo kiwandani, na kwamba kampuni italitengeneza gari bure, niliichapisha, nikaitia plastiki, nikaiweka kwenye mkoba pamoja na kadi ya uchaguzi na rozari. Barua ilisema nyaya zilizo chini ya usukani husuguana, na taa zinaweza kujiwasha au kujizima zenyewe. Ilisema mwenye gari afike bila kukawia kwenye karakana iliyoidhinishwa. Halafu ilisema, na hapo walipiga mstari, kwamba fundi mwingine yeyote asiguse.

Karakana iliyoidhinishwa iko Goma. Jina lake nalihifadhi, kwa sababu bado nina shida nao. Fundi wao mkuu anaitwa Jules, mtu mwenye sauti laini kama sabuni. Nilipompigia mara ya kwanza aliniambia kipuri kiko njiani, kitafika posho yenye kuya. Kwetu posho yenye kuya ni juma lijalo. Posho hiyo ikaja ikapita, nikampigia tena, na kipuri kilikuwa bado kiko njiani, nacho kingefika posho yenye kuya. Ilikwenda hivyo miaka mitatu. Katika muda huo mtoto wa jirani yangu alizaliwa, akatembea, akajifunza kulitukana gari langu.

Gari lenyewe lilikuwa na tabia zake. Siku nyingine taa zilikataa kuwaka kabisa, siku nyingine ziliwaka limeegeshwa na ufunguo ninao mimi mfukoni. Kila mtu Mubi alikuwa na ushauri. Kata waya huu, funga ule, kuna kijana pale sokoni ana mkono mwepesi. Nilikataa wote. Nilikuwa na barua. Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini matumbo yaliyoumia hayakuwa yangu, yalikuwa ya mdogo wangu Mbusa.

Mbusa ndiye anayenunulia duka langu maharage kule Nyabiondo. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa na miaka kumi na sita, yeye minne, na nilimbeba mgongoni hadi sokoni mpaka miguu yake ikawa inagusa magoti yangu. Nampenda kuliko duka, na mwenye kunijua anajua hilo ni neno zito. Sasa ana miaka thelathini na minne, na huko Nyabiondo alimwona Verdiane, binti wa Sebarenzi, aliyekuwa na meza yake sokoni anatengeneza redio na simu na kuwafungia watu taa za sola. Mbusa alimpelekea redio nzima isiyo na ubaya wowote. Akarudi na nyingine aliyoiharibu mwenyewe. Mara ya nne Verdiane alimwambia aache kutesa redio za watu, aseme anachotaka.

Alichotaka kilikuwa wazi kwa kila mtu isipokuwa mzee. Sebarenzi ni mkulima, wazee wake wamelima kilima kile tangu zamani, na Mubi kwake ilikuwa mahali fulani ndani ya msitu ambapo watu huingia na habari zao hazitoki. Hata hivyo alitupa siku ya kuleta posa. Siku ya kwanza taa zilizimika katika ukungu, tukalala ndani ya gari ukingoni mwa barabara, tukafika kesho yake wageni wakiwa wameshakula na kwenda zao. Siku ya pili, mwezi wa saba, taa zilijiwasha, Mbusa akachomoa waya mmoja ili azizime, na injini nayo ikafa, maana nyaya zote zinapita mlemle. Tulirudi Mubi gari letu likiwa juu ya lori la watu, na watu wa Mubi hawakuninyima maoni yao.

Baada ya hapo Sebarenzi alinipigia simu yeye mwenyewe. Ni mtu wa kusema polepole.

"Mama Kahambu, mi sikatae mutoto wenu. Lakini mutoto wangu akigonjwa kule Mubi, ni hii gari njo itamuleta kwangu? Kuyeni samedi, mbele ya saa sita. Mukishindwa tena, tuachane muzuri."

Nilipomwambia Mbusa kwamba ni Jumamosi kabla ya saa sita au basi, hakula jioni ile. Alisema tu kwamba kama si Verdiane, basi, hakuna. Nilimwambia hata nikilisukuma gari kwa kifua changu tutafika, na nilikuwa sitanii.

Tulikwenda watatu. Mbusa aliendesha. Mimi nilikuwa dirishani. Katikati yetu tulimketisha baba yetu mdogo, Papa Apollinaire, katekista wa parokia, kwa sababu posa inataka msemaji na yeye alikuwa ameandaa hotuba yake tangu mwezi wa nne. Alivaa suti yake nyeusi na tai nyeusi. Katekista ana suti moja. Nyuma tulikuwa tumepakia zawadi ya Mama Umugwaneza, mama yake Verdiane: kabati la mbao nyekundu, kazi ya maseremala wa Mubi, refu kuliko mtu. Tulililaza chali, tukalifunika shuka jeupe lisipate vumbi, tukalikaza kwa kamba. Ijumaa tulilala Walikale mjini. Barabara ilikuwa imetulia majuma yale, tukamshukuru Mungu.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Mbusa alizungusha ufunguo, na kila kitu kikawaka. Taa kubwa za mbele ziliwaka, na zile nne za pembeni zikaanza kukonyeza kwa pamoja, kushoto na kulia, mbele na nyuma. Alizima, hazikuzima. Alipiga ngumi chini ya usukani, zikazidi kung'aa. Aliponyoosha mkono kwenye nyaya nilimshika. Tulikumbuka wote wawili mwezi wa saba. Nilimwambia injini inaunguruma, magurudumu ni manne, taa ziache zifanye zinavyotaka. Tukaondoka hivyo.

Baada ya Kashebere tulizama kwenye shimo. Mbusa alikata matawi ya majani, akayatandika barabarani nyuma yetu, kama anavyofanya dereva yeyote huku kuwaonya wanaokuja kwamba mbele kuna gari lenye shida. Tulipotoka aliyafunga mawili nyuma ya gari, moja kila upande, ili wenye pikipiki wajue kwamba taa zetu haziaminiki. Toka hapo barabara ilikuwa mbaya, tukawa tunakwenda mwendo wa mtu anayetembea. Papa Apollinaire aliona korongo upande wangu, akatoa rozari na kuanza kusali kwa sauti.

Mtu wa kwanza kuvua kofia alikuwa mzee mmoja mwenye jembe. Nikasema moyoni, huku wana adabu. Halafu wanawake watatu walitua mizigo yao wakasimama kimya. Niliwapungia mkono. Hawakunipungia.

Bariera ya kwanza ni maarufu. Pale mtu hupoteza saa nzima: karatasi, maswali, fungua hiki, fungua kile, huyu ni nani yako. Mlinzi alituona tangu mbali. Alikanyaga sigara yake, akavua kofia, akainua mti. Akaja dirishani kwangu, akasema kwa sauti ya chini:

"Pole sana, Mama. Ni muntu wenu wa karibu?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Huku kwetu gari likiwasha taa mchana, likaenda polepole na majani yake, lina maiti. Mtoto wa miaka mitano analijua hilo. Nilitazama kioo cha pembeni, nikaona shuka jeupe na umbo refu chini yake. Nikamtazama Papa Apollinaire na suti yake na rozari yake. Halafu nikatazama saa, na ilikuwa saa tatu na robo.

Nikasema asante. Kichwa kikainama chenyewe.

Tulipovuka, Papa Apollinaire aliuliza pole ile ilikuwa ya nini, nikamwambia ni ya ubovu wa barabara. Mbusa hakucheka. Alisema, "Dada, hii haiko muzuri." Nilimjibu achague, ao saa moja ya bariera, ao bibi wa kuoa. Aliendelea kuendesha, na mimi nilijiona mwerevu. Bariera ya pili tuliipita bila hata kusimama. Nilianza kufikiri kwamba miaka mitatu ya Jules ilikuwa na faida yake.

Kijiji kilichofuata, mwanamke mzee alikuwa amesimama katikati ya barabara na beseni mikononi, na Mbusa ilibidi asimame. Hakuuliza ni nani aliyekufa. Alikuja dirishani, akaipitisha beseni, akaiweka mapajani mwangu. Yalikuwa maharage.

"Sina kitu ingine," akasema. "Mukapikie bale benye banalia."

Nilifungua kinywa nimwambie kwamba hakuna wanaolia. Nyuma yetu pikipiki tano zilikuwa zimesimama, wenyewe wameshika kofia mkononi, na pembeni watu walikuwa wanaongezeka. Kusema pale, mbele ya wote, kwamba tumebeba kabati? Nilisema asante tena. Gari likaondoka, na furaha ya mwendo ikaniisha. Niliyatazama yale maharage. Yalikuwa mekundu, yamechambuliwa moja moja, hakuna jiwe, hakuna lililooza. Mtu aliyechambua hivyo alikuwa ameyaweka kwa ajili ya mbegu au kwa ajili ya mgeni, na mimi nilikuwa nimemnyang'anya kwa kichwa kilichoinama. Niliona haya, na haya yenyewe ilikuwa na uzito wa beseni.

Pikipiki zilitupita moja moja, kwa heshima, bila honi. Mmoja aligeuka kusoma mlango wa gari, palipoandikwa jina la duka langu na Mubi chini yake. Walipofika mbele kidogo wakafungua mafuta, wakatoka mbio, wakapotea. Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba uongo ukipanda pikipiki unamtangulia mwenyewe.

Tulifika Nyabiondo saa sita ikiwa bado dakika ishirini. Nilimwonyesha Mbusa saa yangu, akatabasamu kwa mara ya kwanza siku ile. Tulitegemea kusikia nyimbo. Tulipokata kona ya kwa Sebarenzi hapakuwa na wimbo, wala moshi wa kupikia. Moto wa mafigani ulikuwa umezimwa kwa maji. Viti vya sherehe vilikuwa vimerundikwa pembeni, na wanawake walikuwa wameketi chini kwenye mikeka. Walipoliona gari letu na taa zake, kilio kilipanda mpaka juu, na ndani ya kilio hicho nikasikia jina wanalolililia. Walikuwa wanamlilia Mbusa.

Hapo nilielewa hesabu yao yote. Gari la Kahambu wa Mubi linakuja na maiti. Siku ya posa ni leo. Ni nani mwingine angekuwa amekufa?

Mbusa alifungua mlango akashuka. Alisimama pale, mrefu, amejaa vumbi, hajui aweke wapi mikono. Kilio kilikatika kidogo kidogo, kuanzia mbele kwenda nyuma, mpaka nikasikia tik-tik ya taa zetu zikikonyeza. Mama Umugwaneza alifanya ishara ya msalaba. Verdiane alikuwa chini mlangoni, kanga yake ya sherehe imekunjamana, wanawake wawili wamemshika. Alijinasua, akaja, akamshika Mbusa uso kwa mikono miwili, masikio, shingo, mabega, kama anayetafuta wapi pamekatika. Alipoona hapajakatika popote alimpiga kifuani kwa ngumi mpaka Mbusa akarudi nyuma. Kisha akaja kwangu.

Nilikuwa bado nimekaa na beseni mapajani. Aliniuliza nani alisema Mbusa amekufa. Nilimjibu hakuna aliyesema, mimi nilisema asante tu. Nilisikia mwenyewe jinsi lilivyokuwa jibu la kipumbavu.

Ndipo Sebarenzi alipotokea nyuma ya migomba. Alikuwa amevaa shati jeupe la sherehe, mikono imekunjwa, jembe begani, udongo mpaka magotini. Wanaume wanne walimfuata na masepeto. Alimtazama Mbusa toka kichwani hadi miguuni. Kisha akauliza maiti iko wapi.

Nilishuka, nikapanda nyuma ya gari mwenyewe, nikafungua kamba na kuvuta shuka. Nikasema ni kabati la Mama Umugwaneza. Hakuna aliyecheka. Basi nikasimama palepale juu, jua likinipiga, nikaeleza yote: barua, Jules, matawi, bariera, kichwa changu, beseni. Sikuacha kitu. Papa Apollinaire ndiyo kwanza akaelewa pole zilikuwa za nini, akafunga macho.

Sebarenzi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniashiria nimfuate, mimi na Mbusa. Nyuma ya migomba kuna makaburi ya nyumba yake: baba yake, mama yake, na mtoto wake wa kiume aliyefariki mdogo. Kando ya kaburi la yule mtoto palikuwa na shimo jipya. Lilifika kiunoni tayari, na kuta zake zilikuwa zimenyooka vizuri. Hawakuwa wamechimba haraka haraka kama kwa mgeni.

Niliuliza kama walimchimbia Mbusa hapa, kati ya watu wao.

"Balisema amekufa mu njia, akikuya kwangu," Sebarenzi akajibu. "Mubi iko mbali, na gari yenu haifikake. Nikasema, muntu akikufa akikuya kwangu, iko wa kwangu. Njo nikachimba."

Nililia, sifichi. Mwaka mzima nilikuwa nawaambia wateja wangu kwamba yule mzee wa Nyabiondo ana kiburi na hataki watu wa msituni. Mbusa alipiga magoti kwenye udongo ule uliochimbuliwa.

Lakini usidhani mambo yaliishia hapo. Sebarenzi alikuwa amekasirika, na hasira yake haina kelele. Alisema hawezi kupokea posa katika uwanja ambao watu wamelia, mpaka kilio kimalizwe kama kilio. Alisema pia kwamba kwao kaburi likishachimbwa halifukiwi tupu, maana litaendelea kungojea mtu wa nyumba hiyo. Wazee hukata mgomba wakauzika mahali pa mtu. Akaongeza kwamba kama kufika na kilio ni kufika kabla ya saa sita, hilo tutaongea baadaye, na kwa sauti ile nilijua baadaye inaweza kuwa kamwe. Wanaume wanne walianza kutazama migomba, wakichagua.

Verdiane alikuwa amesimama nyuma yetu. "Hapana mugomba," akasema. "Tuzike ile kitu yenye ilituletea kifo."

Aliingia nyumbani, akatoka na koleo lake la kukatia nyaya na mkanda wa kuzifungia, akaenda moja kwa moja kwenye gari. Mimi, kwa mazoea tu, nilifungua mkoba nikasema kwamba barua inakataza fundi mwingine. Alinitazama. Nikaufunga mkoba.

Alilala chali chini ya usukani na kanga yake ya sherehe, miguu nje. Tulisikia koleo likikata. Watu wote wa msiba walisogea wakazunguka gari, na ninakiri kwamba nilisali ili injini isife. Baada ya nusu saa taa za pembeni ziliacha kukonyeza. Taa kubwa zikafifia, zikazima. Verdiane alimwambia Mbusa awashe injini, ikaunguruma mara moja. Alitoka na fundo la nyaya nyeusi lenye harufu ya kuungua, akanionyesha mahali plastiki ilipoliwa mpaka shaba ikaonekana. Alisema waya wa injini na nyaya za taa zilikuwa zimeyeyuka zikashikana, na kwamba ni kazi ndogo. Akamuuliza Mbusa kwa nini hakumwambia tangu zamani. Mbusa akanitazama mimi. Miaka mitatu niliitazama Goma, na fundi alikuwa Nyabiondo na meza yake sokoni.

Tuliyafunga mabaki yale ndani ya shuka jeupe la kabati. Nilitoa barua yangu na plastiki yake, nikaiweka juu. Papa Apollinaire alifungua kitabu cha sala akakifunga, maana hakuna sala ya nyaya, akawaombea wasafiri wote wa barabara ile. Sebarenzi alitupa jembe la kwanza la udongo, Mbusa la pili. Kisha tukanawa mikono wote katika beseni moja, kama inavyotakiwa baada ya mazishi, na moto ukawashwa upya.

Walipikwa mbuzi wa sherehe, lakini kwanza nilipika mimi mwenyewe yale maharage mekundu. Yalitolewa kwa ajili ya wanaolia, na waliolia walikuwepo. Kila mmoja alipata kijiko chake. Verdiane alikula akiwa bado hazungumzi nami, lakini aliketi mkekani kwangu.

Baada ya kula, Papa Apollinaire alisimama, akanyoosha tai yake, akakohoa ili aanze hotuba. Nilitazama saa yangu: ilikuwa saa tisa, posa bado haijasemwa, na mzee alikuwa ametupa saa sita. Sebarenzi alimwonyesha mkono aketi.

"Papa, usichoke juu ya kumusemea Mbusa," akasema. "Ule muntu, mi nilishamupokea asubui."

Papa Apollinaire aliketi na hotuba yake. Mpaka leo hajatusamehe.

Kurudi, tulikwenda mchana tu, maana gari halikuwa na taa hata moja. Nilisimama kwa yule mwanamke mzee, nikamrudishia beseni yake ikiwa na chumvi na sabuni na maharage, na nikamweleza yote. Alinitazama, akasema ana furaha kwamba hakuna aliyekufa, na kwamba nisirudie. Kwenye bariera nilimwambia mlinzi ukweli pia. Alitupekua saa mbili na nusu, mpaka ndani ya kasha la miwani ya Papa Apollinaire, na sikunung'unika.

Miezi miwili baadaye, Verdiane akiwa ameshahamia Mubi na meza yake iko mbele ya duka langu, Jules alinipigia. Kipuri kimefika. Ila kampuni inataka nyaya za zamani zirudishwe, bila hizo hawawezi kutoa mpya. Nilimpigia Sebarenzi kumuuliza kama kuna namna ya kufungua kidogo tu. Alicheka, na ndiyo mara ya kwanza kumsikia akicheka. Alisema ile kaburi iko ya mukwe wake, na yule wa Goma kama anataka kitu mule ndani akuye mwenyewe na jembe yake. Nilimfikishia Jules maneno hayo kama yalivyo. Akasema atakuja, posho yenye kuya.

Wakati huohuo Verdiane alikuwa amelala chini ya usukani na nyaya mpya alizonunua Mubi. Aliwasha taa, akazima, akawasha, akazima. Zilimtii. Jumamosi ile tulikwenda Nyabiondo kumsalimia baba yake. Ilikuwa mchana, na taa zilikuwa zimezimwa.